Sufuria ya Malewa na Meza ya Nyumbani



Neno ninaloandika leo laweza kuonekana dogo. Wengine watasema: Shemasi amekosa la kutufundisha, sasa anatuhubiri sombe na maharagi. Lakini mjue kwamba neno hili liliingia katika kanisa kwa machozi, likataka kuvunja nyumba moja, na baraza la mashemasi likagawanyika juu yake. Basi si dogo.

Jumatano moja, kisha maombi, ndugu mmoja alituita chini ya mwembe. Alikuja na bibi yake. Majina yao siyaandiki. Huyo mama anafanya biashara ndogo ya mpakani: asubuhi anavuka daraja kwenda Bugarama, mchana anauzisha sokoni, na anafika nyumbani wakati jua limekwisha kushuka. Kwa miezi mingi alikuwa anapita kwanza kwa mama mmoja wa malewa kando ya barabara kubwa. Anatoa kopo lake lenye kifuniko, ananunua sombe na maharagi yaliyoiva, anakwenda nayo nyumbani. Pale anamimina katika sufuria yake mwenyewe, anaiweka juu ya mbabula, anasonga bugali, kisha anaita watu wa nyumba wakule. Bwana yake alikula, akashiba, akasifu. Hata kwa rafiki zake alijivuna kwamba katika Kamanyola nzima hakuna anayepika sombe kama bibi yake.

Siku moja wageni walikuwa wameketi mezani. Bwana akaanza tena kusifu. Ndipo mtoto wao wa miaka sita akasema: «Lakini hii si sombe ya mama, ni ya malewa.» Wageni walicheka. Bwana hakucheka.

Mbele yetu mashemasi alisema neno zito: «Nimelishwa na mwanamke mwingine ndani ya nyumba yangu, tena kwa franka zangu.» Bibi, aliyekuwa anatazama chini muda wote ule, akainua macho akajibu: «Si franka zako.» Kisha akanyamaza.

Ndugu alitaka kanisa liandike sheria: mama mshiriki asinunue chakula kilichopikwa na kukileta nyumbani. Shemasi mzee wetu alikubaliana naye, akasema kwamba nyumba isiyowasha moto wake ni nyumba iliyokwisha kufa. Mwingine akasema ni mambo ya tumbo, hayafiki mbinguni wala jehanamu. Dada mmoja wa kikundi cha wamama akauliza: «Wababa wanaokula malewa kila mchana, hao sheria yao iko wapi?» Hakuna aliyemjibu. Mimi nilinyamaza kuliko wote, kwa sababu nitakayoieleza mbele. Ndipo baba mchungaji akaniambia: Wewe uliyesoma shule, kaa na neno hili, uombe, uandike.

Nimeomba, na sasa ninaandika. Niliona kwanza kwamba ndugu yetu alikuwa amefunga maneno matatu katika kitambaa kimoja. La kwanza: je, chakula kile ni kichafu? La pili: je, ni uvivu? La tatu: je, ni uongo? Tusipoyafungua moja moja, tutamhukumu mtu kwa kosa ambalo hakulifanya, na lile alilolifanya litapita bila kuonekana.

TUANZE NA UCHAFU

Watu wengi kati yetu hawaogopi malewa kwa sababu ya nzi. Wanaogopa mkono. Wanauliza: aliyepika ni nani? Ni wa kabila gani? Alisema nini juu ya chungu? Katika Kivu yetu hofu hiyo ina jina, tunaiita karuho, na hakuna aliyekulia hapa asiyeonywa akiwa mtoto asile kwa watu ovyo. Sumu ni kitu cha kweli na watu wabaya wako. Sikatai. Lakini hofu nayo ni sumu, na imeua watu. Mwaka 2021, katika teritware ya Kalehe, jimboni mwetu humu, wanawake walioitwa wachawi waliuawa na makundi ya watu. Sisi tulio watu wa kanisa la unabii tuliposikia habari zile ilifaa tutetemeke kuliko wengine, kwa maana neno la mtu anayeitwa nabii likitoka bila Roho laweza kuwa jiwe la kwanza mkononi mwa kundi. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba chakula cha mama fulani ni kibaya kwa sababu ya ng'ambo aliyotoka au lugha anayoisema. Hapa Kamanyola ni njia panda. Anayetoka Uvira kupanda Ngomo anapita kwetu, anayekwenda Bugarama anapita kwetu, na wengi wamekimbilia kwetu kwa miguu. Tukichagua mkono wa kula kwa kabila, tutafunga milango yote ya mji.

Tena tazameni Maandiko. Siku ile Bwana aliketi kisimani na mwanamke Msamaria, wanafunzi wake walikuwa wapi? Yohana anasema walikwenda mjini kununua chakula. Mji gani? Mji wa Wasamaria, watu ambao Wayahudi hawakuchangamana nao. Walinunua kwa mikono ambayo baba zao waliiogopa, na Bwana hakuwakemea waliporudi nacho.

Paulo naye aliulizwa neno kama hili huko Korintho, na majibu yake yako katika barua ya kwanza, sura ya nane hadi ya kumi. Nyama ya sokoni ile iliweza kuwa imetolewa kwanza kwa sanamu. Shauri lake ni kwamba mwamini anunue na kula pasipo kujitesa kwa maswali, kwa kuwa dunia na vyote vilivyomo ni mali ya Bwana. Lakini akiwepo ndugu mwenye dhamiri dhaifu, aangaliwe, asije akaangushwa kwa sababu ya chakula.

Tusidhani pia kwamba kununua chakula kilichoiva ni desturi mpya ya wazungu au ya Kinshasa. Katika Italia kulikuwa na mji unaoitwa Pompeii. Mwaka 79 mlima wa moto Vesuvius uliufunika kwa majivu, na sisi tunaoijua Nyiragongo tunaelewa habari hiyo ni ya namna gani. Katika mji ule yamefukuliwa maduka mengi ya chakula cha moto. Moja lilionyeshwa mwaka 2020: meza ya mawe iliyojengewa mitungi ndani yake, na katika mitungi mabaki ya bata, mbuzi, nguruwe, samaki na konokono. Watu maskini wa miji ile ya Warumi, wengi wao, vyumba vyao havikuwa na jiko, nao walinunua kwa mama malewa wa siku zao. Ni katika miji ya ufalme ule ule Paulo alihubiri. Walioamini wa kwanza walilijua kopo lenye kifuniko kama sisi tunavyolijua.

Basi chakula cha malewa si kichafu kwa sababu ni cha malewa. Uchafu wa kweli, ule wa macho na wa mikono, ndio tuutafute. Uvira na bonde hili la Ruzizi wanakijua kipindupindu, nacho hakiulizi kabila. Maji ya kunawa yako? Chakula kimefunikwa? Kimepashwa kikawa moto sana, au ni cha jana kilichotolewa tena? Mama anayeuzisha anashika franka na bugali kwa mkono ule ule bila kunawa? Hayo ndiyo maswali ya mtu mwenye hekima. Na kwa wale kati yetu waliofunga nadhiri ya kutokula vyakula fulani, waige Danieli. Alipokataa chakula cha mfalme wa Babeli hakutukana wapishi. Aliongea na msimamizi kwa upole na waziwazi, akaomba mboga na maji kwa siku kumi. Nawe uliza kwa upole: Mama, ndani ya maharagi haya umeweka nini? Atakuambia.

SASA TUTAZAME UVIVU

Ndugu yetu alisema bibi yake ni mvivu. Mimi nimehesabu siku ya yule mama, nami sikuona pahali pa kuuweka uvivu. Anaamka kabla ya jogoo. Anachota maji. Anavuka mpaka, anasimama katika mistari, anabeba mzigo, anabishana bei, anarudi. Kisha tunataka apike sombe.

Ninyi wababa, mnajua sombe inapikwaje? Majani ya muhogo yana sumu ndani yake. Ni kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu ndiko kunakoiondoa. Mwenye haraka asipike sombe, kwa maana haraka yake wataila watoto. Maharagi nayo yanakaa motoni saa nyingi. Mama akifika magaribi, akaanza kutwanga, watoto watakula usiku wa manane au watalala na njaa. Na makala je? Kila gunia la makala ni miti iliyoanguka katika mlima fulani, na bei yake inapanda. Sufuria moja kubwa ya malewa inayolisha nyumba kumi inakula makala kidogo kuliko mbabula kumi za watu waliochoka.

Kitabu cha Mithali, katika sura ile ya mwisho tunayopenda kuwasomea maharusi, kinasifu mke mwema. Sisi tunakumbuka kwamba anaamka usiku na kuwapa watu wa nyumba yake chakula. Tunasahau kwamba kimemfananisha pia na merikebu za wafanya biashara, kwa kuwa analeta chakula chake kutoka mbali. Merikebu haipiki. Merikebu inakwenda, inanunua, inarudi, na watu wa nyumbani wanakula. Huyo mama yetu wa Bugarama ni merikebu. Na franka alizonunulia sombe zilitoka katika miguu yake, ndiyo sababu alijibu vile alivyojibu.

Tena ni nani aliyesema kwamba moto wa kupikia ni wa wanawake tu? Yakobo, baba wa kabila kumi na mbili, alipika dengu. Na Bwana wetu, alipokwisha kufufuka, mwili wake tayari una utukufu, alifanya nini kando ya ziwa? Wanafunzi walikuwa wamevua usiku kucha. Walipofika nchi kavu walikuta moto wa makaa, samaki juu yake, na mkate. Naye akawaita wakule. Mwenye kushinda mauti aliwasha makala akawapikia wanaume waliochoka na kazi. Ndugu, kama unalia kwamba moto wa nyumba yako umezimika, na wewe umefika nyumbani saa kumi, na bibi anafika saa kumi na mbili, basi kiberiti kiko wapi?

UONGO SASA

Hapa sitamficha dada yetu. Chakula hakikuwa kichafu, wala yeye hakuwa mvivu, lakini alimimina katika sufuria yake ili kionekane kuwa ni chake, na aliposifiwa alinyamaza. Kitabu cha Mwanzo, sura ya ishirini na saba, kinatuonyesha nyumba iliyofanya vile. Isaka mzee, macho yake yamefifia, alitaka nyama ya mawindo ya Esau. Rebeka akapika wana-mbuzi kwa namna ile aliyoipenda mzee, Yakobo akapeleka, na mzee akala akabariki. Nyama ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeugua. Lakini kwa sababu ya sahani ile ndugu alitaka kumwua ndugu yake, mtoto akakimbia nyumbani kwa miaka mingi, na Maandiko hayatuonyeshi popote kwamba Rebeka alimwona tena. Jambo lililovunja nyumba ile lilikuwa jina lililowekwa juu ya chakula, kwamba ni cha fulani na si cha fulani.

Njia ya mwongo ni fupi, na mara nyingi mwisho wake ni mdomo wa mtoto.

Lakini nilijiuliza: juu ya nini alificha? Mtu anaficha pahali anapoogopa. Kama angesema siku ya kwanza, «Leo nimechoka, nimenunua», angejibiwa nini? Dada alituambia kwamba wakati wa ndoa yao bwana alisema mbele ya jamaa kwamba mwanamke asiyepika ni mzigo. Alilishika neno lile miaka yote. Basi uongo ule ulikuwa na wazazi wawili. Mama aliuzaa, lakini baba aliupa sababu. Mwenye kutaka kweli nyumbani mwake sharti afanye nyumba iwe pahali ambapo kweli haipigwi.

NENO LANGU MWENYEWE

Nilisema nitaeleza kwa nini nilinyamaza chini ya mwembe. Hii hapa.

Miaka iliyopita nilikuwa na kazi ya kupakia na kupakua mizigo ya magari pale barabarani. Kila mchana nilikula malewa pamoja na wenzangu: bugali, maharagi, na siku nyingine nyama ya mbuzi. Nilijiambia kwamba mtu wa kazi ngumu lazima ale. Nyumbani mchana hawakula. Walingoja jioni, bugali na ndagala kidogo, au lengalenga bila mafuta. Sikuona kosa, kwa maana sikuiba, na pesa zilikuwa zangu, au ndivyo nilivyoziita.

Siku moja jioni niliketi, na binti yangu mdogo akaja kunisalimia. Akashika mkono wangu, akauvuta puani, akaunusa. Akasema kwa furaha, pasipo lawama yoyote: «Baba, leo umekula nyama.» Kisha akaendelea kuunusa.

Wapendwa, nimesikia mahubiri mengi, na nimehubiri mengine mimi mwenyewe. Hakuna lililoniingia kama lile. Mtoto alikuwa anakula harufu ya mkono wangu. Kesho yake nilipokwenda malewa niliomba nusu ya sahani iwekwe katika kopo, na tangu siku ile sijala nyama barabarani kama haifiki nyumbani.

Kwa hiyo ndugu yetu aliposema bibi amekosa kwa kununua, mimi sikuweza kufungua kinywa. Yeye alinunua akabeba, nami nilikuwa nanunua nikameza palepale. Kama ni sheria iandikwe, ianze na mimi.

Hapa ndipo nilipoona swali lenyewe lilipo. Tulikuwa tunauliza chakula kimetoka wapi. Tuulize kinakwenda wapi. Chakula kilichopikwa na mgeni kando ya barabara, kikaletwa kikawekwa katikati ya watoto, kimekuwa chakula cha nyumbani. Na chakula kilichopikwa nyumbani kwa mkono wa bibi, kisha baba akapewa peke yake nyama yote chumbani huku watoto wanachovya mchuzi, kimekuwa cha malewa, ijapokuwa hakijavuka mlango. Paulo aliwakemea Wakorintho kwa neno hili hili. Walikutana kwa chakula cha Bwana, lakini kila mtu alitangulia kula chake, huyu ana njaa na yule amelewa. Hakuuliza nani amepika. Aliuliza kwa nini hawakungojana.

Mnakumbuka mwaka 2020, mwezi wa tatu, wakati wa ugonjwa wa Corona. Serikali ilifunga shule, makanisa, baa na restora kwa tangazo moja. Kwa miezi kadhaa tuliomba nyumbani, baba akasoma Neno, watoto wakaimba. Tulilia kwamba kanisa limefungwa, lakini wengi walishuhudia kwamba ndipo walijua kuomba na watoto wao. Kanisa lilibebwa likaletwa nyumbani, wala halikuacha kuwa kanisa. Kama maombi yanaweza kubebwa, sombe je?

Na Februari 2025, vita ilipofika Bukavu na kushuka mpaka hapa kwetu, wakati watu walipokimbia na watoto mgongoni, wengine wakivuka Ruzizi kuingia Burundi, mtu aliyepewa bugali njiani hakuuliza umesongwa na nani. Alimega, akampa mtoto kwanza. Njaa ilitufundisha siku zile neno ambalo shibe inatusahaulisha.

MAMBO YA KUSHIKA

Sisemi kwamba kila kununua ni kwema. Esau naye alinunua chakula kilichoiva, tena ndiye mnunuzi wa kwanza wa malewa tunayemsoma. Alirudi kutoka porini amechoka, akaona dengu za Yakobo, akalipa kwa haki ya mzaliwa wa kwanza. Kosa lake halikuwa kuchoka wala kula dengu. Alilipa kwa kitu ambacho hakirudi. Mtu anayenunua sahani kila siku kwa deni, kisha mwisho wa mwezi hakuna pesa ya shule, huyo anauza uzaliwa wa kwanza wa mtoto wake kwa maharagi. Hesabuni kwanza. Weka upande mmoja bei ya sahani, na upande wa pili makala, mafuta, chumvi na saa za kazi. Siku nyingine kununua kutashinda, siku nyingine kupika kutashinda. Wenye nyumba wahesabu pamoja, bwana na bibi, pasipo mmoja kumwamuru mwenzake.

Tena mkumbuke mama malewa. Hapa kwetu wengi wao ni wajane, au wanawake ambao bwana zao walikwenda kutafuta wasirudi. Sufuria ile ndiyo shamba lake. Wako washiriki wanaokula kwa jina la Bwana na kulipa kwa jina la kesho. Yakobo, yule wa barua, alisema kwamba mshahara uliozuiliwa unapiga kelele mpaka masikioni mwa Bwana. Deni la sombe nalo linapiga kelele. Huko Tanzania wanamwita mama wa namna hii mama ntilie, yaani mama, nitilie katika sahani. Ni jina la mtoto anayeomba kwa mama yake. Tusimwite mama mdomoni na kumnyima haki yake mkononi.

Na shemasi mzee wetu, aliyesema nyumba isiyowasha moto imekufa, sikumdharau. Yeye alikulia kando ya moto, pale ndipo alipofundishwa majina ya babu zake na hofu ya Mungu. Anaogopa kwamba watoto watajua kula tu, hawatajua kupika wala kukaa pamoja. Hofu yake ina haki. Kwa hiyo ninashauri: hata nyumba inayonunua siku za kazi, iwashe moto wake siku moja katika juma, na wote wawepo, wavulana na wasichana, mmoja anatwanga, mwingine anapepea makala, na wazee wanaongea. Moto usiwe mzigo wa mtu mmoja aliyechoka, uwe ibada ya nyumba nzima. Sijui kama mzee ameridhika na jibu hili. Aliponisikiliza alisema tu: «Tutaona watoto hao wakikua.» Ni kweli, tutaona.

Baraza halikuandika sheria. Tuliwaita wale wawili tena. Dada aliomba msamaha kwa kuficha, akalia. Ndugu alikawia. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba jambo lililomwuma si sombe, ni kicheko cha wageni. Baba mchungaji akamwambia: «Basi samehe kicheko, usimtoze bibi yako.» Akaomba msamaha kwa neno lile la «mwanamke mwingine». La ndoa yao, lile la mzigo, hakulitaja siku ile.

Majuma machache yakapita. Jioni moja nilikuwa narudi kutoka kazini, nikamkuta ndugu yule kando ya barabara kubwa, anatoka kwa mama malewa, ameshika kopo lenye kifuniko kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sadaka. Vijana waliokaa pale walimcheka, baba mzima kubeba kopo la chakula barabarani. Alinisalimu. Nikamwuliza habari ya nyumbani. Akanijibu: «Shemasi, bibi bado yuko njiani. Maharagi ni haya. Bugali nitasonga mimi.»

Akaharakisha, kwa maana chakula kilikuwa bado moto.

Bwana awabariki katika kutoka kwenu na kuingia kwenu, na meza zenu zisimwache mtu nje. Amina.